Pumzi ya Kamio ya Léopold

Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011

Mvua imeanza leo, na kamio imetuaibisha tena. Tulipakia mahindi hapa Rubondo, kambini kwetu sisi wakimbizi, nusu mzigo tu, tukaenda vizuri mpaka ule mlima wa kupanda Isingiro. Hapo ikaanza kukohoa. Moshi mweusi, halafu wa buluu, halafu mwendo wa kinyonga. Wanaume wenye baiskeli za matoke walitupita wakizisukuma kwa mikono. Mmoja akaniita dirishani, "Mama, hiyo gari inataka sala au inataka majani?" Wenzake wakacheka mpaka mkungu mmoja ukaanguka. Ningecheka na mimi kama isingekuwa yangu.

Tukashusha magunia kando ya barabara, tukapanda na machache, tukarudia mengine. Siku yote imeishia mlimani.

Aliyekuwa anaendesha ni shemeji Nestor, mdogo wake Léopold. Léopold ni marehemu mume wangu, ndiye aliyetuachia hii kamio. Waganda wanaita lori. Mbele aliandika kwa mkono wake NEEMA YATOSHA, lakini nafasi ikamwishia, kwa hiyo inasomeka NEEMA YATOSH. Mimi nanunua mahindi na maharage ya watu, Nestor anaendesha, tunauza Mbarara. Kwa kamio hiyo binti yangu Vanessa anasoma huko mjini, na mama mkwe anakula.

Wakati wa kurudi Nestor alisema, "Shemeji, hii kamio imechoka mapafu."

Alhamisi, tarehe 15

Nimepanda maharage nyuma ya nyumba. Mama mkwe alinisaidia. Alifukia mbegu nyuma yangu.

Jumapili, tarehe 18

Papa Byamungu amekuja baada ya ibada. Ni baba mdogo wa Léopold na Nestor, na hapa kambini ndiye mkubwa wa ukoo wao. Alikuja na Nestor nyuma yake. Akakaa, akanywa chai, akaisifu chai, nikajua kuna jambo.

"Mama Vanessa," akasema, "Léopold alituachia vitu viwili, wewe na kamio. Na vyote viwili vimesimama."

"Mimi sijasimama, Papa. Kila juma niko Mbarara."

"Na nusu muzigo. Batu banatucheka mu kambi muzima."

Halafu akatoa lililomleta. Maharage ya msimu huu yakivunwa, kama kamio haijapandisha mzigo mzima mpaka Mbarara bila kushusha hata gunia moja, basi Nestor anachukua kamio na anachukua mimi, tuwe nyumba moja. Kwao ndivyo mjane anavyolindwa.

Nikasema, "Nestor yuko na bibi yake, Papa. Na mimi ni mutu wa kanisa."

"Yakobo alikuwa na bangapi?"

Jibu nimelipata sasa ninapoandika: Yakobo hakulala usingizi hata siku moja nyumbani mwake.

Nilimtazama Nestor, akawa anatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, huyu ameshakubali. Nikamtazama Mama Pélagie, mama mkwe wangu, aliyemzaa Léopold. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Tangu mazishi tunaishi chini ya bati moja, na sijui anawaza nini.

Bwana, mbele kuna ukuta na nyuma kuna ukuta. Nionyeshe fasi ya kupita.

Alhamisi, tarehe 29

Nimeuza nguruwe wote nipate pesa ya fundi. Mama mkwe aliwasindikiza kwa macho mpaka barabarani.

Jumanne, tarehe 4 Oktoba

Niandike vizuri mambo ya leo, maana mengi sikuyajua.

Tumekwenda Mbarara kwa Asuman. Alikuwa fundi wa magari jeshini, sasa ana gereji yake karibu na kambi ya askari. Kiswahili chake ni cha jeshi, kimekatwakatwa kama kuni. Alifungua boneti, akasikiliza, akazima, akaingiza mkono, akatoa chuma cheusi chenye mafuta.

"Nyabo, kuja. Weka kidole hapa. Sukuma."

Nyabo ni mama kwa lugha ya hapa. Nikasukuma, mhimili wa ndani ukacheza kama jino la mtoto.

"Hii ndiyo turbo. Imekufa zamani. Nyinyi mnatembea na maiti."

Turbo ni kama konokono wawili wa chuma waliobebana migongo. Moshi wa injini unaingia kwa konokono wa kwanza, unazungusha gurudumu lake. Hilo linazungusha gurudumu la konokono wa pili, na huyo anavuta hewa safi anaisukumia injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua yote na gari inapata nguvu. Hewa ikiwa kidogo, dizeli inatoka moshi mweusi, na watu wa matoke wanakucheka.

Asuman ana nyingine, kubwa kuliko ya zamani, imetoka kwa lori iliyoanguka. Nikamuuliza kama kubwa haitapasua injini yetu ya kizee. Akafurahi kwa hilo swali.

"Ndiyo maana hii ina mlinzi. Ona." Pembeni pana kopo la chuma, na kwenye kopo inatoka fimbo nyembamba. "Presha ikizidi, kopo inasukuma fimbo, fimbo inafungua kadirisha, moshi inapita pembeni. Bila mlinzi injini inapasuka kama soda kwa jua."

Halafu akatufungia saa ya presha mbele ya usukani. Akachukua rangi ya kucha ya mke wake Annah, akachora mstari wa kijani kwenye kioo, na juu yake mwekundu. "Ukipanda na mzigo, mshale ikae kwa kijani. Ikigusa nyekundu, toa mguu. Annah akiuliza rangi, nyinyi hamjui mimi."

Amesema ameacha presha chini kidogo kwa kusudi, injini izoee. Mzigo mkubwa ukikaribia nimpigie simu, atatuambia la kufanya.

Neno la mwisho alimwambia Nestor: usizime injini ghafla ukifika. Turbo inakuwa ya moto, mafuta lazima yaipitie mpaka ipoe.

"Muda gani?" Nestor akauliza.

"Mimi nasoma Fatiha mara saba. Nyinyi someni ya kwenu."

Tulipofika nyumbani tukakaa ndani ya kamio inanguruma, tukasema Baba Yetu mara tatu, polepole. Ndipo Nestor akazima. Ilikuwa mara ya kwanza kusali pamoja naye tangu mazishi, na sikupenda jinsi moyo wangu ulivyotulia.

Jumapili, tarehe 16

Kamio inapiga filimbi sasa, kama mtu mwenye furaha. Nusu mzigo inapanda bila shida, lakini mshale haufiki kwenye kijani.

Nimepita nyumbani kwa Nestor. Anajenga chumba kipya ubavuni mwa nyumba. Sikuuliza.

Jumamosi, tarehe 22

Chumba cha Nestor kimefika kwenye madirisha.

Alhamisi, tarehe 3 Novemba

Mvua, mvua. Maharage yametoa maua. Nikiyaona naogopa, maana kila ua linanivutia ile siku karibu.

Jumanne, tarehe 15

Mwenzangu wa kwaya, Perpétue, ameniambia kwa kicheko, "Eh, Mama Vanessa, banakujengea! Na dirisha ya vioo!" Nikacheka naye. Halafu nikaenda kuchota maji kwenye bomba la mbali, ili nipate njia ndefu ya kulia.

Jolly, mke wa Nestor, ni Mnyankore, mwenyeji wa huku. Zamani tulikuwa tunapeana ndizi na mihogo. Siku hizi tukikutana ananisalimia kwa kidevu. Simlaumu. Angekuwa yeye anakuja kwangu, ningemsalimia kwa mgongo.

Jumatatu, tarehe 21

Chumba kimepata mlango. Wa bluu.

Alhamisi, tarehe 1 Desemba

Maharage ya kwanza yamekauka. Watu wameanza kuniletea magunia. Wananiamini, na hilo nalo linanibana.

Nimempigia Asuman. Mvua ilikuwa inapiga mabati na simu inakatikakatika. Alisema mambo ya nati na fimbo, nikashika neno moja vizuri: punguza. Mizunguko miwili. Nestor alikuwa chini ya boneti, kichwa chake hakionekani.

"Anasema upunguze!" nikapiga kelele. "Mizunguko mbili!"

"Nipunguze? Una hakika, shemeji?"

"Njo vile anasema."

Akatoa kichwa, akanitazama kama mtu anayetaka kuongeza neno. Akarudi chini, akapunguza. Bila mzigo mshale haupandi, kwa hiyo hatukuweza kuona kitu. Mbona aliniuliza kama nina hakika? Tayari anatafuta sababu ya kusema baadaye.

Jumatano, tarehe 7

Leo ndiyo ilikuwa siku.

Tulipakia mzigo mzima, mpaka maturubai hayakutosha. Papa Byamungu akaja na mwavuli, akapanda, akakaa katikati yetu. Anataka kuona kwa macho yake. Alinukia sabuni na tumbaku, na kila kona mwavuli wake ulinichoma goti.

Chini ya mlima Nestor akaingiza gia ndogo. Nikawa natazama mshale. Ulipanda kidogo, ukasimama chini kabisa ya kijani, mbali kuliko siku zote. Filimbi haikusikika. Nilisema moyoni, panda, panda, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Moshi mweusi ukaanza kupita dirishani. Katikati ya mlima injini ikatoa mguno mmoja, ikazima. Kisha tukaanza kurudi nyuma.

"Mawe!" Nestor akalia. "Shemeji, mawe!"

Niliruka. Sijui nilirukaje na hiki kiuno. Nikachukua jiwe nikaliweka nyuma ya gurudumu, likasukumwa, nikaweka lingine, Nestor amekanyaga breki mpaka amesimama juu yake. Kamio ikatulia. Mvua ilikuwa inanimwagikia, na maji ya mlimani yalinipita miguuni mekundu kama chai. Papa Byamungu akashuka polepole, akafungua mwavuli wake, akasimama kando ya barabara.

"Nimeona," akasema.

Neno hilo moja tu.

Hapo ulimi wangu ukanishinda. Nilimgeukia Nestor, mbele ya baba yake mdogo, mbele ya watu waliokuja kutazama. "Umefanya kusudi! Ulipunguza mingi ili tusipande!"

"Shemeji, nilifanya ile ulisema."

"Usinifanye mutoto!"

Nestor akaanza kushusha magunia peke yake. Maharage mengine yamelowa, na ni ya watu.

Ijumaa, tarehe 9

Papa Byamungu ametuma ujumbe. Jumapili ya tarehe 18 ukoo wote unakutana kwake.

Jumapili, tarehe 11

Nimekwenda kanisani, nimeimba, nimepiga makofi. Mchungaji alipouliza nani ana ombi, mkono wangu ulikataa kunyanyuka. Ningesema nini? Waniombee nisilale nyuma ya mlango wa bluu?

Mama mkwe ananitazama sana siku hizi. Nikimtazama anageuka.

Jumanne, tarehe 13

Andika, Orpa, andika na aibu yako yote.

Nestor alikuja asubuhi. Hakuingia ndani, alisimama kwenye kamio. "Pigia Asuman," akasema. "Na leo mimi njo nitaongea." Nikapiga, nikaweka sauti ya juu.

"Afande," Nestor akasema, "tulipunguza presha vile ulisema, na gari ilizima mu mulima."

Asuman akauliza, "Nani alisema punguza presha?"

"Wewe. Ulimwambia mama."

"Mimi? Banange! Mimi nilisema punguza FIMBO! Fanya fimbo fupi! Fimbo fupi inavuta kadirisha, inabaki imefungwa, presha inapanda. Nyinyi mlifanya refu?"

"Refu."

"Nyabo yuko hapo?"

"Niko," nikasema.

"Nyabo, wewe ulikula fimbo, ukamletea yeye punguza peke yake!" Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa rudisha ile mbili, halafu punguza mbili. Na wewe, nyabo, kaa mbali na simu."

Nestor hakucheka. Alichukua spana, akaingia chini ya boneti. Nikasimama na simu yangu mkononi. Mimi ndiye niliyemeza neno, na nikamtukana yeye mlimani.

"Nisamehe, shemeji."

"Haina shida."

"Iko na shida. Nilizani unataka tushindwe. Nilizani ile chumba na mulango ya bluu ni yangu."

Akatoa kichwa. Uso wake ulikuwa na mafuta shavu zima. "Ile? Ile ni ya mama wa Jolly. Macho yake yamekufa, anakuja kuishi kwetu."

Sikuwa na pa kujificha.

Akakaa juu ya tairi ya akiba. "Jolly alinambia siku nitakuingiza mu nyumba, yeye anatoka na batoto. Na Papa ananambia nikikataa, nisimwite baba tena, na nikifa banitafutie ukoo ingine ya kunizika. Nikikubali sina nyumba. Nikikataa sina batu."

"Juu ya nini hukunambia?"

"Na wewe uliniuliza siku gani?"

Miezi yote hii nilimwona amesimama nje ya kizimba changu ameshika ufunguo. Kumbe yuko ndani na mimi, anatazama viatu.

Alhamisi, tarehe 15

Tumepanda!

Mzigo mzima, mlima uleule, Papa Byamungu na mwavuli wake tena katikati, maana Nestor alimwambia mavuno hayajaisha. Filimbi ilianza chini kabisa, ikawa nyembamba, ikawa kali. Mshale ukaja, ukaja, ukalala juu ya kijani cha Annah kama kuku kwenye mayai. Moshi ulikuwa mwepesi. Watu wa matoke walisogea kando, na mmoja akavua kofia. Hatukushusha hata gunia moja mpaka Mbarara.

Tulipofika sokoni Nestor hakuzima. Tukafumba macho, tukaanza Baba Yetu. Papa akauliza, "Munaomba nini tena?"

"Tunapoza turbo, Papa," Nestor akasema.

Leo nitalala usingizi. Sijalala vizuri tangu Septemba.

Jumapili, tarehe 18

Nilikwenda kwenye kikao cha ukoo na kitenge changu kizuri. Nilidhani naenda kupongezwa.

Papa Byamungu alianza kwa kutusifu. Kweli alitusifu. Kisha akasema, "Kamio iliyokufa, mujane angebaki nayo. Ilikuwa chuma tu. Lakini sasa ni mali. Na mali ya ukoo haiwezi kubaki kwa mwanamuke peke yake na mutoto musichana. Kwa hiyo tumalize ile tulisema. Nestor amuchukue, na kamio."

Wazee wakaitikia, "Eeeh."

Tusingepanda, wangenichukua kwa sababu hatukupanda. Tumepanda, wananichukua kwa sababu tumepanda. Nilifanya kazi msimu mzima kunenepesha kamba yangu mwenyewe. Nikamtafuta Mama Pélagie kwa macho. Amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, anatazama ukuta.

Ndipo Nestor akasimama. "Papa. Bazee. Ile kamio ni ya dada yangu."

Katika ukoo wao, mtu akishamwita mjane wa ndugu yake dada mbele ya wazee, imekwisha. Hawezi kumwoa tena, maana nani anaoa dada yake? Na neno hilo halirudishwi.

"Umesema nini?"

"Dada yangu. Orpa ni dada yangu."

Papa Byamungu akasema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha, "Sawa. Ni dada yako. Basi dada yako aiendeshe. Mwanaume wa ukoo huu akigusa usukani ya ile kamio, nisione uso wake tena, wala hatazikwa na sisi."

Nestor akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye mkeka mbele yangu, akatoka. Alikwenda na mvua.

Jumatatu, tarehe 19

Maharage ya watu yamejaa nyumbani kwangu mpaka tunalala kwa ubavu. Nimekwenda kwa madereva wawili wa kanisani. Wote wawili wameniambia wataliombea jambo hilo. Hakuna anayetaka kugombana na Byamungu.

Basi nikapanda kamio. Kwanza nilikaa upande wangu, kwa mazoea. Nikakaa hapo natazama usukani kama naungoja uanze wenyewe. Halafu nikasogea. Mguu wangu haukufika kwenye kilachi. Nikanyoosha, nikateleza, bado. Nikaegemea usukani, na sikuomba. Nilikuwa na ufunguo mkononi na sikuwa na pa kwenda.

Mlango ukafunguliwa. Mama Pélagie alikuwa kwenye matope, miguu mitupu, amebeba mto wa kitandani mwake chini ya kitenge usilowe. Akapanda, akausukuma mgongoni mwangu, akaupigapiga kwa ngumi.

"Sasa?"

"Unafika, mama."

Akazunguka mbele, akapanda upande wa pili, akafunga mlango.

"Mama, Papa Byamungu alisema..."

"Alisema mwanaume wa ukoo." Akajifunika vizuri. "Mimi ni mwanaume?"

Kwenye uzio wa migomba Nestor alikuwa amesimama, mikono ameifunga nyuma ya mgongo watu wote waione. "Mimi sigusi kitu!" akapiga kelele. "Nasema tu! Dada, kanyaga kilachi, ingiza ya kwanza, na uachie polepole!"

Nikawasha. Ikanguruma. Nikaachia, si polepole. Kamio ikaruka kama mbuzi, ikaenda mpaka kwenye migomba, ikazima.

Mama mkwe alishika mlango kwa mikono miwili. Akarekebisha kilemba chake kilichoangukia macho.

"Tena," akasema.